Umleavyo ndivyo atakavyokulinda

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba hadi Chanika, kutoka Bunju hadi Kigamboni, upo utaratibu unaofahamika kwa kila anayejenga. Nyumba ikishapauliwa na milango kuwekwa, familia inahamia hata kama plasta haijaisha na uzio bado ni michongoma michanga. Wiki hiyohiyo baba mwenye nyumba anaanza kuulizia mtoto wa mbwa. Atampata kwa jirani ambaye jike lake limezaa, kwa fundi aliyemjengea, au kwa kijana anayewauza ndani ya tenga kando ya barabara. Jioni anafika naye ndani ya boksi, anamfunga kamba kwenye nguzo ya banda la kuku, anamwekea ugali uliobaki, na familia inaingia ndani kulala. Usiku huo mbwa huyo mdogo atalia mpaka kuche.

Namna anavyopokelewa usiku huo, na anavyotunzwa katika wiki chache zinazofuata, ndiyo inayoamua nyumba itakuwa na nini baada ya mwaka: mlinzi mtulivu anayemjua wa nyumbani na wa kuja, au mnyama mwoga atakayemrukia mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ulinzi ni ukali, na kwamba ukali hupatikana kwa mnyororo na njaa. Dhana hiyo si ya kweli, na wanaoilipia zaidi ni watoto wetu.

Wiki nane kwa mama yake

Malezi mema yanaanza kabla ya kumleta. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama yake hadi afikishe wiki 8 hivi. Anayemuuza akiwa na wiki 4 au 5 atakwambia ameshaanza kula ugali, na huenda ni kweli, lakini pale kwa mama hapati maziwa tu. Anapocheza na ndugu zake huuma na kuumwa. Akizidisha, mwenzake hupiga kelele na mchezo huishia hapo. Hivyo ndivyo anavyojifunza kupima nguvu ya taya zake. Aliyeondolewa mapema mno huja na somo hilo nusu, akauma mikono ya watoto kwa nguvu bila kujua kwamba anaumiza.

Ukienda kumtazama, mwache atembee mbele yako. Macho yawe maangavu, pua isiwe na kamasi, manyoya ya chini ya mkia yawe makavu. Tumbo lililofura huku mbavu zikihesabika ni dalili ya minyoo. Muulize mwenye mbwa amekuwa akimpa chakula gani, amempa dawa ya minyoo lini, na kama mama yake amechanjwa. Kisha omba kitambaa au kipande cha gunia alicholalia pamoja na mama yake. Mwenye mbwa hatakutoza kitu, na kitambaa hicho kitakusaidia kuliko boksi lolote la gharama.

Usiku wa kwanza

Kilio cha usiku wa kwanza si ukorofi. Tangu azaliwe, mtoto huyu hajawahi kulala peke yake. Amelala amebanana na ndugu zake, katika joto na harufu ya mama yake. Leo hayupo hata mmoja, basi anaita.

Kwa jirani zangu, familia yenye watoto watatu, niliona mapokezi yakifanywa inavyopaswa. Mama mwenye nyumba alichukua boksi la sabuni, akalilaza ubavu kwenye pembe ya baraza la nyuma ambako upepo haufiki, akatandika gunia safi na juu yake kanga kuukuu. Katikati akaweka kile kitambaa kilichotoka kwa mama wa mbwa, na pembeni chupa ya maji ya uvuguvugu aliyoivisha soksi. Kilebu mwenyewe, jike wa rangi ya udongo mwenye mguu mmoja mweupe, alisimama mbele ya boksi huku miguu ya nyuma ikitetemeka. Akanusa soksi, akarudi nyuma. Akanusa kitambaa, akaingia, akakizunguka, akakikanyagakanyaga, akalala pua ikiwa ndani ya mkunjo wake. Haukupita muda akaanza kulia. Binti mkubwa akainuka kwenda kumbeba.

"Usimbebe, mwanangu," mama akamwambia. "Kaa hapo karibu yake, mpe mkono aunuse."

Binti akakaa sakafuni, mgongo ukutani, vidole vyake kwenye mlango wa boksi. Kilebu akavinusa, akavilamba, akaweka kidevu juu yake. Kilio kikapungua, kikabaki kukoroma kidogo, kisha kikaisha.

Wapo wanaosema kumjibu anapolia ni kumdekeza. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 hana hila hizo. Anachojifunza usiku huo ni kama mahali hapa papya pana usalama au hapana. Kwa siku chache za mwanzo, boksi lake liwe karibu na watu, hata kama ni nje ya dirisha la chumba ambamo mtu analala, asikie sauti na kunusa harufu ya nyumba. Akishatulia, mnalisogeza kidogokidogo kuelekea pale mlipopanga awe na banda lake. Usimkemee wala usipige boksi lake. Usiku wa manane mtoe mara moja akojoe, bila maneno wala mchezo, kisha mrudishe alale.

Katika nyumba nyingi za Waislamu, hususan za Pwani zinazofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na mbwa haingii ndani. Jambo hilo halizuii hata moja kati ya haya. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, na Hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inafundishwa madrasa. Apewe sehemu yake nje, kavu, yenye kivuli, isiyopigwa na upepo wala mvua. Vyombo vyake visichanganywe na vya jikoni, na anayemhudumia awe na nguo ya kazi hiyo. Banda likiwekwa karibu na baraza, mbwa atakuwa nje ya nyumba bila kuwa nje ya familia.

Kwa nini chanjo hurudiwa

Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza katika maziwa ya mwanzo ya mama, dang'a, ndani ya siku yake ya kwanza duniani. Kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa kisha huisha, na haiishi siku moja kwa watoto wote. Ikiwa bado ina nguvu, huizima chanjo. Ikiisha kabla ya chanjo, mtoto hubaki hana ngao. Ndiyo sababu daktari wa mifugo huchanja na kurudia: mara ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi humpeleka mara moja, wakapewa kadi, wakaona wamemaliza. Mbwa wa namna hiyo hufa na kadi ikiwa kabatini.

Anayewaua wengi ni parvo. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978, na ndani ya muda mfupi vilikuwa vimeenea duniani kote. Vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na huingia nyumbani kwa viatu vyetu wenyewe. Mtoto wa mbwa huacha kula, hutapika, kisha huharisha kinyesi chenye damu na harufu kali. Maji yanamwishia mwilini na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Ukiona dalili hizo usisubiri kesho, na usimpe vidonge vya dukani vilivyobaki kabatini. Daktari ana nafasi ya kumwokoa kwa dripu akifikishwa mapema. Nyumba iliyopoteza mbwa kwa parvo isilete mwingine mdogo ambaye hajakamilisha chanjo, na sakafu yake ioshwe kwa sabuni kisha kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, na hapa hatuzungumzii tena uhai wa mbwa peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa, na karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa. Haya yanatokea wakati chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana hapahapa kwetu.

Mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi 3, na hurudiwa baada ya mwaka. Kampeni ya serikali ikipita mtaani kwako akiwa bado hajafika umri huo, mpeleke hivyohivyo, kisha arudiwe baadaye. Na mtu yeyote akiumwa, hata na mbwa mdogo wa nyumbani ambaye hajachanjwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo.

Minyoo nayo isingojwe. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo kutoka tumboni mwa mama na kuongezewa mingine katika maziwa. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia kinywani mwa mtoto anayecheza mchangani, viluwiluwi vyake vinaweza kufika hadi kwenye jicho. Kinyesi cha mbwa kizolewe kila siku na kufukiwa.

Kwa kupe na viroboto, tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa wa umri na uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopimwa kwa kukisia, mafuta ya taa na oili chafu ya gari humdhuru mtoto wa mbwa kuliko kupe wenyewe.

Sahani na haja

Kwa siku za mwanzo mpe chakula kilekile alichozoea kwa mama yake, kisha ukibadilishe taratibu kwa muda wa wiki moja, la sivyo ataharisha. Akiwa na miezi 2 hadi 3 ale mara tatu au nne kwa siku, na akishafika miezi 6 mara mbili zinatosha. Ugali mtupu hujaza tumbo lakini haujengi mifupa. Changanya na dagaa waliooshwa vizuri wasiwe na chumvi wala mchanga, yai la kuchemsha, maini au utumbo uliochemshwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Kitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Dawa za maumivu za binadamu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zisimpitie kinywani. Maji safi yawepo saa zote, hasa katika joto la Pwani.

Kuhusu haja, akili yake inashika haraka kuliko watu wanavyodhani. Mpeleke mahali palepale kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza. Akikojoa hapo, msifu papo hapo. Akikojoa barazani, safisha kimya. Kumkandamiza pua kwenye mkojo hakumfundishi pa kwenda. Kunamfundisha kujificha na kukuogopa.

Aione dunia mapema

Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14, ubongo wa mbwa huandika orodha ya vitu vya kawaida duniani. Kilichomo katika orodha hiyo hakitamtisha tena. Ambacho hakuwahi kukiona, atakikabili kwa woga, na mbwa mwoga huuma. Watafiti John Paul Scott na John Fuller walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika Maabara ya Jackson, jimbo la Maine nchini Marekani, wakachapisha kitabu chao mwaka 1965. Miaka minne kabla yake, watafiti wengine wa hukohuko walikuwa wameeleza jaribio la watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kuguswa na binadamu. Waliokutanishwa na watu mapema walizoea. Waliokutana na watu kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 walibaki kama wanyama wa porini, na kuwafundisha kulishindikana.

Nyumba nyingi za kwetu hufanya kinyume chake: mtoto wa mbwa hufungiwa katika wiki hizohizo ili "asizoee watu". Lakini pia hawezi kuachwa azurure mtaani, maana chanjo zake hazijakamilika. Njia ya kati ipo. Mbebe mikononi au ndani ya kapu usimame naye getini. Aone bodaboda ikipita, mwenye mkokoteni wa maji, wanafunzi katika sare zao, bibi mwenye bakora, mama aliyejitanda, fundi aliyevaa kofia ngumu. Asikie mvua ikipiga bati akiwa karibu yako. Rafiki zako wawili watatu waje wamshike kwa upole, na mara moja moja aletewe mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa. Kila kipya kije na kipande cha dagaa. Akiogopa usimlazimishe. Rudi nyuma hatua chache, mwache atazame kwa mbali mpaka atulie.

Mnyororo na pilipili haviumbi mlinzi

Kuna imani kwamba mbwa akipewa pilipili, akivutishwa bangi, akikatwa masikio au akifungwa mchana kutwa gizani, atakuwa mkali. Pilipili humuunguza tumbo. Bangi humtia sumu. Kukata masikio ni kumjeruhi bure. Mnyororo ndio mbaya kuliko vyote, kwa kuwa mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anachokiogopa, hivyo hubaki na njia moja tu, meno. Hamfahamu mgeni kwa sababu hamfahamu hata wa nyumbani. Siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye ni mtoto wa shule. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ukatili wa namna hii unagongana nayo moja kwa moja.

Hakuna haja ya kumfundisha mbwa kubweka. Anapokaribia utu uzima, kati ya miezi 6 na mwaka, hamu ya kulinda eneo lake huja yenyewe, ilimradi analijua eneo hilo na anawapenda waliomo. Unachoweza kufanya ni kuzunguka naye uwanja kila jioni ukifuata mpaka, kumwita kwa jina lake na kumpa kitu akija, na kumtaka atulie wageni mliowakaribisha wanapopita. Wote nyumbani watumie maneno yaleyale, "njoo", "kaa", "hapana", akiwamo dada wa kazi anayeshinda naye kutwa. Mara nyingi huyo dada ndiye mlezi wake wa kweli, naye apewe maelekezo yote ya daktari kama mwenye nyumba.

Watoto na meno

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba na makali, na huanza kuyang'oa kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Wakati huo fizi zinawasha na atatafuna chochote. Mpe kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa fundo, kikalowekwa na kugandishwa kwenye friji. Usimpe kandambili kuukuu, kwa sababu hawezi kuitofautisha na viatu vipya vya shule. Akiuma mkono wa mtu, mchezo usimame na mkono uondolewe, kama ndugu zake walivyokuwa wakifanya.

Watoto wa nyumbani wafundishwe mambo matatu, na wazazi wasimamie: mbwa akila haguswi, akilala haamshwi, na havutwi mkia wala masikio. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata aliye mpole kiasi gani. Mtoto akilea kiumbe kidogo bila kukiumiza, amejifunza jambo litakalomfaa hata katika kuishi na watu.

Kama mwezi huu unakusudia kuleta mtoto wa mbwa nyumbani, kwanza zungumza na afisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo aliye karibu, ujue ratiba ya chanjo na gharama zake. Kama fedha za chanjo hazipo bado, mwache kwa mama yake mpaka zipatikane. Na kama tayari unaye uwanjani, amevuka miezi 3 na hana cheti cha kichaa, usiache wiki ijayo ipite kabla hajachanjwa. Mfungue kamba, mpeleke.